Saa ya Muuguzi Kufika Nyumbani Hupangwaje?

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani hapa Mwanza na vitongoji vyake. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo hazikuuliza habari za muuguzi mwenyewe. Ziliuliza habari za ratiba yake: nani anaamua aanzie wapi, kwa nini hufika saa tofauti, na kwa nini wakati mwingine hafiki kabisa. Nimeifanya kazi ya kupanga ratiba za namna hiyo baada ya kuacha wodi, nami ninaamini kwamba karatasi ile inayobandikwa ukutani asubuhi ni sehemu ya tiba sawasawa na dawa iliyomo kwenye mkoba. Nimechagua barua sita. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa sababu ya wagonjwa wao.

Shikamoo. Mama yangu alipata kiharusi na sasa ana kidonda cha kulalia. Muuguzi anayekuja kumfunga alifika Jumatatu saa 3 asubuhi, Jumatano akafika saa 9 alasiri, na Ijumaa akaja mwingine kabisa ambaye ilibidi tumweleze kila kitu upya. Tukipiga simu tunaambiwa yuko njiani. Je, watu hawa wana ratiba kweli? — Binti anayeuguza, Buhongwa

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Ratiba ipo. Kinachokosekana ni kwamba ninyi hamkuelezwa imejengwa juu ya nini, na mtu asiyeelezwa huyaona mabadiliko yote kuwa ni dharau.

Mpanga ratiba anayeijua kazi yake haanzi na barabara, wala haanzi na orodha ya majina kwa mfuatano wa alfabeti. Huanza na wale ambao miili yao haisubiri. Mgonjwa wa kisukari anayechomwa insulini hawezi kufikiwa saa yoyote, kwa kuwa sindano yake inafuatana na chakula. Na kama daktari ameagiza sukari ipimwe kabla mgonjwa hajala, muuguzi anayefika saa 4 na kumkuta mzee ameshakunywa chai na viazi atapata namba, lakini haitakuwa ile namba aliyoitaka daktari. Mgonjwa wa saratani mwenye kidonda chenye maumivu makali hupewa kwanza morfini ya maji, kisha husubiriwa kama nusu saa dawa ianze kufanya kazi ndipo bandeji ibanduliwe, kwa hiyo familia yake inapaswa kujua saa ya kweli ya muuguzi kufika ili dawa itangulie. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hatembelewi siku anayotoka kwenye mashine, maana hurudi amechoka na anachohitaji ni kulala. Mwislamu mwenye kisukari ambaye daktari amemruhusu kufunga Ramadhani huhamishiwa saa zake zote kwenye futari na daku. Hao ndio wanaoandikwa kwanza, kwa kalamu ya wino. Wengine wote huandikwa kuwazunguka wao, kwa penseli.

Mama yako, kwa jinsi ulivyoeleza, yumo miongoni mwa hao wengine. Kidonda cha kulalia kinataka kufungwa katika siku zilizoagizwa bila kukosa, lakini saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri hazikitofautishii mambo sana. Kinachokiponya au kukiharibu kwa saa ni kugeuzwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ratiba hiyo hakuna ofisi inayoweza kuishika. Ni yenu nyumbani. Iandikeni kwenye karatasi, mgawane zamu, na anayemaliza kumgeuza aandike saa na upande aliomlaza.

Jambo la pili linalopanga siku ya muuguzi ni nani amtangulie nani. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na mzazi aliyejifungua juzi, mgonjwa anayetumia dawa za saratani zinazoshusha kinga ya mwili, na mtu mwenye kidonda kinachotoa usaha, wote katika siku moja. Inavyotakiwa ni aanzie kwa mtoto mchanga, afuate mwenye kinga dhaifu, na kidonda cha usaha kiwe cha mwisho, hata kama nyumba hiyo iko jirani kabisa na mahali anapoanzia safari. Glovu na kunawa mikono vinabaki palepale, lakini mfuatano mzuri unaongeza usalama ambao haugharimu chochote. Huenda basi kusogezwa kwa mama yako hadi alasiri siku ya Jumatano kulitokana na kidonda chake kuanza kutoa usaha, au na mtoto mchanga aliyeongezwa kwenye orodha asubuhi hiyo. Uliza. Ni haki yenu kuambiwa.

Kuhusu muuguzi mpya wa Ijumaa, hapo nakuunga mkono bila kusita. Aliyekiona kidonda Jumatatu ndiye anayeweza kusema Ijumaa kwamba kingo zimeanza kukaribiana au kwamba harufu imebadilika. Mgeni anakiona kama kilivyo leo tu. Nchini Uholanzi kuna shirika la uuguzi wa majumbani liitwalo Buurtzorg, lililoanzishwa mwaka 2006 na muuguzi Jos de Blok, ambalo liliondoa ofisi kubwa ya kupanga ratiba na kuwaachia wauguzi wenyewe, katika vikundi visivyozidi watu 12, wagawane wagonjwa wa mtaa wao. Ninaupenda mpango huo kwa sababu mwenye kumpanga muuguzi ni mtu anayemfahamu mgonjwa. Hapa kwetu tunaweza kufanya jambo dogo linalofanana na hilo: kila mgonjwa awe na muuguzi wake mmoja na wa pili wa akiba, familia iwajue wote wawili kwa jina na kwa sura, na yule wa pili awe ameshafika nyumbani walau mara moja akiongozana na wa kwanza.

Wakati mnasubiri hayo, nunueni daftari la shule na liwe karibu na kitanda. Kila anayefunga kidonda aandike tarehe, urefu na upana wake kwa sentimita, rangi, harufu na dawa aliyoitumia. Mgeni akija Ijumaa, atasoma kabla ya kuuliza. Kisha ombeni ofisi isiwape saa moja kamili ambayo barabara itaivunja, bali muda wa kati, kwa mfano kati ya saa 3 na saa 5, pamoja na simu pale muuguzi anapotoka kwa mgonjwa aliyewatangulia. Neno "yuko njiani" lisikubaliwe mpaka liseme njia ipi na ametoka kwa mgonjwa wa ngapi kwenye orodha.

Mimi ni muuguzi. Wiki iliyopita nilipangiwa wagonjwa 8 kwa siku moja: Kirumba, kisha Igoma, kisha Nyegezi, kisha nirudi Buswelu, na wengine juu ya milima ya Mabatini. Nilimaliza usiku. Nikilalamika naambiwa kwenye ramani ni karibu. Nifanyeje? — Muuguzi, Nyamagana

Mwenzangu, aliyeipanga siku hiyo hakulitazama jiji, alitazama karatasi. Jiji la Mwanza limebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, na njia zake kubwa za kutoka katikati ya mji ni tatu: Makongoro inayoelekea Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege; Nyerere inayoelekea Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma na kuendelea Musoma; na Kenyatta inayoelekea Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa na kuendelea Shinyanga. Mtu anayehama kutoka tawi moja kwenda jingine mara nyingi hulazimika kurudi katikati ya mji, penye msongamano, ndipo atoke tena. Njia za kukatisha zipo, kama ile ya Sabasaba kwenda Buswelu kupitia Kiseke, au ile inayounganisha Buhongwa na Igoma, na mpanga ratiba anapaswa kuzijua pamoja na hali zake za wakati wa mvua. Siku uliyopewa ilikupitisha matawi yote matatu. Kanuni yangu ilikuwa muuguzi mmoja, tawi moja kwa siku. Akivuka kwenda tawi la pili, iwe kwa sababu ya mgonjwa wa kalamu ya wino, na iwe mara moja tu.

Kisha kuna milima. Ramani ya simu inapima umbali kama ndege anavyoruka, au kama gari linavyopita, lakini bodaboda hukuacha chini na ngazi za mawe unazipanda kwa miguu ukiwa na mkoba begani. Nyumba iliyoko juu Mabatini, Igogo au Bugarika inaweza kuwa mita mia chache kutoka lami na bado ikala dakika 20 za kupanda na kuulizia. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilituletea majina ya mitaa na namba za nyumba, nami naishukuru sana, lakini kwa nyumba za milimani fomu ya mgonjwa inapaswa kuongezewa maelezo mengine: ushukie kituo gani, upande kwa njia ipi, duka gani lipo pembeni, na nani atashuka kukupokea. Mvua kubwa ikinyesha na Mto Mirongo ukijaa, wagonjwa wa Mabatini wapangiwe asubuhi mapema au wahamishiwe kesho yake kwa makubaliano.

Unapokwenda kuzungumza na mkuu wako, usiende na malalamiko. Nenda na hesabu. Chukua siku ya saa 8 za kazi, yaani dakika 480. Wagonjwa 6, kila mmoja dakika 45, ni dakika 270. Safari 5 kati yao, kila moja dakika 25, ni dakika 125. Kuandika taarifa, dakika 10 kwa kila mgonjwa, ni dakika 60. Jumla ni dakika 455, na zinabaki 25 za kula, kusali na kwenda msalani. Mgonjwa wa saba hana dakika zake mwenyewe; atazichukua kwa wale sita, na wa nane vilevile. Anayepunguziwa huwa ni yule mpole asiyelalamika, mara nyingi mzee anayeishi peke yake, ambaye ndiye alihitaji mtu akae naye, amtazame miguu na amuulize kama amekula. Nchini Uingereza, ambako ziara za dakika 15 zilizua manung'uniko makubwa, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya huduma za afya na za kijamii, iliweka katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kwamba ziara ya chini ya nusu saa isifanywe isipokuwa kwa masharti, likiwemo kwamba mhudumu awe anafahamika kwa mgonjwa na kazi yenyewe iwe ni fupi na mahususi, kama kuhakikisha dawa imemezwa.

Jambo moja zaidi la kumwambia mkuu wako: siku isijazwe yote. Kuna mtu ataruhusiwa kutoka hospitali mchana, kuna mpira wa mkojo utaziba, kuna mgonjwa utamkuta na homa na hutaweza kumwacha mpaka gari lipatikane. Nafasi ya mgonjwa mmoja iachwe wazi kila siku. Wakubwa huiona nafasi hiyo kuwa ni uvivu uliopangwa, lakini isipokuwepo, dharura ya kwanza ya asubuhi huwavuruga wagonjwa wote waliobaki hadi jioni.

Ninataka kuanzisha huduma ndogo ya uuguzi wa nyumbani Nyakato. Mdogo wangu anafanya kazi ya uangalizi wa wazee Marekani, naye anasema huko simu inarekodi saa ya kuingia na kutoka katika kila nyumba. Je, ninunue programu ya namna hiyo kabla ya kuanza? — Mjasiriamali, Ilemela

Hongera kwa nia hiyo. Anachokisema mdogo wako ni kweli. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2016 inataka huduma za nyumbani zinazolipiwa na Medicaid, ambao ni mpango wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, zithibitishwe kwa njia ya kielektroniki, na inataja mambo 6 ya kurekodiwa: aina ya huduma, aliyehudumiwa, tarehe, mahali, aliyetoa huduma, na saa ya kuanza na kumaliza. Uangalizi wa kawaida ulitangulia, kisha huduma za afya za nyumbani zikaingizwa kuanzia Januari 2023. Lakini angalia kwamba chombo hicho kinathibitisha ziara iliyokwisha kufanyika ili malipo yasidaiwe kwa kazi isiyokuwepo. Kupanga nani aende wapi ni kazi nyingine, hata kama programu moja inaweza kuzifanya zote mbili.

Mambo hayo 6 unaweza kuyaandika tangu siku ya kwanza kwenye daftari lenye mistari, sahihi ya ndugu wa mgonjwa ikiwa pembeni. Programu itakusaidia pale wauguzi watakapokuwa wengi kiasi kwamba kichwa cha mtu mmoja hakiwezi kuwashika. Wagonjwa 8 wanaweza kutembelewa kwa mifuatano 40,320 tofauti, na hiyo ndiyo sababu watu wa hesabu wamehangaika na tatizo hili kwa miaka mingi; ila ukishawafunga 3 kati yao kwenye nafasi zao kwa sababu ya insulini, morfini na mtoto mchanga, mifuatano inayobaki ni 120, na mpanga ratiba anayeijua Nyakato ataondoa mingi ya hiyo kwa kuitazama tu. Taarifa mbovu ukiziingiza kwenye kompyuta, utapata ratiba mbovu iliyochapwa vizuri.

Fedha ya programu itumie kwanza kumlipa mtu mmoja makini wa kukaa na simu na daftari. Mtu huyo ajue pia nani anaruhusiwa kufanya nini, kwa sababu hapo ndipo palipo na hatari kubwa kuliko kuchelewa. Kila muuguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na tarehe ya kumalizika kwa leseni iandikwe kwenye ratiba ileile. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni nguzo ya kutembelea kaya, kutoa elimu, kufuatilia dawa na kutambua dalili za hatari, lakini hapangiwi kubadilisha mpira wa mkojo kwa sababu tu nyumba iko karibu na kwake. Mgonjwa mzito aliyepooza apangiwe watu 2, au pawe na ndugu mwenye nguvu aliyethibitisha kwa simu kwamba atakuwepo saa hiyo.

Sisi huku Ukerewe tunapanga ratiba ya wiki nzima, lakini upepo unaivunja. Kuna wagonjwa upande wa Ukara, na chombo kisipoondoka, mpira wa mkojo unapitiliza tarehe yake. Wenzetu wa mjini hawaelewi. — Muuguzi, Nansio

Nimeisoma barua yako zaidi ya nyingine zote, kwa sababu ratiba za visiwani zikipangwa kwa kunakili za mjini huwaonea wagonjwa na wauguzi pia. Mjini tunahesabu dakika. Ninyi hesabuni safari za chombo. Siku ya Ukara ipangwe nzima kwa ajili ya Ukara, kuanzia kivuko cha Bugolora kwenda Bwisya mpaka cha kurudi, na wagonjwa wote wa upande ule waingizwe siku hiyo, wakiwemo wale ambao kwa tarehe zao wangeweza kungoja siku mbili zaidi.

Kwa vitu vyenye tarehe, hesabu nyuma. Mpira wa mkojo wa kawaida wa latex hubadilishwa ndani ya takriban wiki 4. Kwa mgonjwa wa mjini naweza kuuandika katika siku za mwisho za wiki ya nne, lakini kwa mgonjwa wa Ukara uandike wiki ya tatu. Ukipata upepo mbaya, una wiki nzima ya akiba. Ule wa silikoni hudumu muda mrefu zaidi, hadi wiki 12, na kama bohari yenu ina michache, hoja yangu ni kwamba wagonjwa wa visiwani wapewe kwanza. Usimbadilishie mgonjwa mpira na kuondoka na chombo cha mwisho saa hiyohiyo; awe wa kwanza kufika kwake, uwahudumie wengine, kisha upite tena kuona kama mkojo unashuka na kama hakuna damu. Vivyo hivyo, kazi ya namna hiyo isipangwe Ijumaa alasiri popote pale, iwe kisiwani au mjini, kwa kuwa matatizo yake hujitokeza siku inayofuata, wakati kliniki imefungwa.

Acha nyumbani gozi na dawa za kusafishia za kutosha ziara inayofuata na nyingine moja, na mfundishe ndugu mmoja kufunga kidonda huku ukimtazama akifanya mwenyewe. Mgonjwa wa kifua kikuu asiyekuwa na usugu hutumia dawa kwa miezi 6, kila siku, na haiwezekani wala haihitajiki uvuke maji kila siku kwa ajili yake. Anahitaji msimamizi wa dawa anayeishi naye, na kwenye ratiba yako liwepo jina la msimamizi huyo na siku ya kumpigia simu. Kwa wazazi waliojifungua, ziara ya siku za mwanzo ndiyo isiyohamishika: mhudumu wa afya wa kijiji hichohicho apangiwe kufika ndani ya siku 3 za kwanza, maana yeye hategemei kivuko, na wewe ufuate wiki inayofuata.

Kuhusu upepo, nitasema kwa mkazo. Tangu Septemba 20, 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 kufa, mimi siwezi kuikubali ratiba inayomlazimisha muuguzi kupanda chombo kilichojaa au kuvuka ziwa likiwa limechafuka ili tu safu ya "ametembelewa" ijazwe. Uamuzi wa kutosafiri uwe wa muuguzi aliyepo gatini, naye asiulizwe mara mbili. Wenzetu wa Sengerema wamepata nafuu kubwa tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa ratiba zao upande ule hazingojei tena kivuko. Ukara bado inangojea, na waliopo Mwanza wanaokagua takwimu zenu wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuuliza kwa nini ziara zimepungua.

Ofisi yetu hutuma ratiba ya kesho kwenye kundi la WhatsApp, ikiwa na majina ya wagonjwa, magonjwa yao na namba za nyumba. Je, ni sawa? — Mhudumu, Igoma

Si sawa, na ikomeshwe leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti. Kundi la simu lina watu ambao hawamhudumii mgonjwa huyo, na simu hupotea, huazimwa na huuzwa. Kila muuguzi atumiwe orodha yake peke yake, mgonjwa atajwe kwa namba ya faili, na ugonjwa usitajwe kabisa. Atakayehitaji kuujua atausoma kwenye faili. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, mgonjwa mwenyewe aulizwe pia kama anataka muuguzi afike na sare au bila sare, na jibu hilo liandikwe kwenye ratiba kama agizo.

Shikamoo. Baba yetu ana saratani na anatunzwa nyumbani Kirumba kwa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso. Tunaogopa siku ambayo muuguzi hatakuja. Sisi wanafamilia tufanye nini ili ratiba ifanye kazi, na asipofika tumpigie nani? — Kijana wa kwanza, Kirumba

Marahaba, na Mungu awape nguvu. Ofisi ya ratiba inategemea familia kuliko mnavyofikiri. Chagueni mtu mmoja wa kupokea simu, na mwingine wa pili endapo wa kwanza hapatikani. Ndugu watano wakiipigia ofisi kwa zamu, kila mmoja na ombi lake, ratiba ya baba itavunjika kwa mikono ya wanaompenda. Waambieni mapema siku za kliniki, siku za ibada, kama ni Sabato kwa Jumamosi au misa ya Jumapili, na siku ambazo nyumbani hakutakuwa na mtu mzima. Baba akilazwa, au akihamishiwa kwa shangazi Misungwi, pigeni simu siku hiyohiyo, kwa sababu muuguzi anayefika kwenye mlango uliofungwa amepoteza muda uliokuwa wa mgonjwa mwingine.

Kila siku jioni hesabuni dawa ya maumivu iliyobaki. Msisubiri chupa iishe. Ikibaki ya siku 3, toeni taarifa, ili ofisi iunganishe safari ya kuichukua hospitalini na safari ya kuja kwenu. Mkiona maumivu yanamwamsha usiku ilhali dawa inatolewa kama ilivyoagizwa, msingoje siku ya ziara, kwani hiyo ni sababu tosha ya kumhamisha kutoka penseli kwenda wino.

Muda mliopewa ukipita kwa nusu saa bila simu, mpigieni mpanga ratiba, si muuguzi, maana muuguzi anaweza kuwa ameshika sindano. Mwulizeni mambo matatu: yuko kwa mgonjwa wa ngapi, ataweza kufika leo, na kama hawezi, ni nani anakuja badala yake na saa ngapi. Andikeni jibu na jina la aliyejibu. Kama jibu ni kwamba hakuna atakayekuja leo, ombeni hapohapo kuzungumza na muuguzi wa zamu kwa simu awaelekeze dozi ya usiku huu. Baba akipumua kwa shida, akitoka damu isiyokoma au akiwa haamshiki, msipige simu ya ratiba kwanza. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali iliyo karibu nanyi, na mchukue faili lake pamoja na lile daftari la pembeni mwa kitanda.